Saga Mwenyewe: Maneno kwa Waokaji wa Mwanza Kuhusu Donge la Lozi

(Hotuba iliyotolewa asubuhi mbele ya waokaji wadogo jijini Mwanza. Imepangwa upya kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Mwangaluka! Upande wa dirishani mmeitikia vizuri. Upande wa mlangoni naona bado mnagombea viti. Mwenyekiti wetu, mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana wa kiume ambao zamani mngeona haya kukutwa na mwiko mkononi, asanteni kwa kunialika.

Ratiba inasema nitazungumzia mbinu mpya za kuoka. Nimeomba ruhusa nizungumzie kitu kimoja tu, tena si kipya hata kidogo: donge la lozi. Ni lozi zilizomenywa, zikasagwa pamoja na sukari mpaka zikashikana, zikakandika kwa mkono. Basi. Ila ukishaweza kulitengeneza nyumbani kwako, unaweza kuoka vitu ambavyo jirani yako hana.

Maana tuseme ukweli, soko letu limebanana. Simama nje ya ukumbi wowote Jumamosi jioni uangalie keki zinazoshushwa kwenye magari: ndugu wa tumbo moja. Vanila ileile, fondanti ileile (sukari ya kufunikia keki) ya duka lilelile, hata maua yanafanana. Sendofu ya Nyakato na kipaimara cha Nyegezi wanakula keki moja. Tukishafanana hivyo hatuna cha kushindania isipokuwa bei, na mwokaji anayeshusha bei kila mwezi huwa amepunguza mayai, anajua mwenyewe. Wanasema chema chajiuza. Sokoni Kirumba sijaona chema kinachojiuza. Nimeona chema kinachoonjwa. Mteja akionja kitu ambacho hajawahi kukiweka mdomoni, hapo ndipo anapouliza namba yako ya simu.

Kuna donge la kununua pia, la pakiti, kutoka nje. Huku kwetu ni la kubahatisha na bei yake inakatisha tamaa. Ukigeuza pakiti usome maandishi madogo, mara nyingi sukari imetajwa kabla ya lozi, maana yake umelipia sukari. Wajerumani, ambao kwa donge hili hawana mzaha, wameweka kanuni: donge ghafi la marzipani, ndilo jina lao la donge hili, halitakiwi kuzidi asilimia 35 ya sukari iliyoongezwa. Mji wao wa Lübeck umejijengea jina kwa bidhaa hii. Kampuni ya Niederegger imekuwa ikitengeneza pale tangu mwaka 1806. Sisi hatulazimiki kufuata kanuni yao, lakini kanuni inatufundisha mahali pa kutazama. Donge la kuokea ni lozi kwanza, sukari baadaye. Donge la kufunikia keki au kuchongea maua linaruhusiwa sukari zaidi, kwa sababu linatakiwa lisimame.

Sasa kazi yenyewe. Hapa nitakwenda taratibu, andikeni.

Pima lozi gramu 250, zile mbichi, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Nimesema pima. Kikombe cha mama Fulani na kikombe chako si kikombe kimoja, na mizani ndogo ya jikoni si anasa kwa mtu anayeuza. Chemsha maji, zitumbukize, hesabu dakika moja, zimwage kwenye chujio kisha uzimwagie maji ya baridi. Bana lozi moja kwa vidole viwili: ganda linabaki mkononi, lozi inaruka. Inaruka kweli, kwa hiyo ielekeze kwenye bakuli. Kazi hii wape watoto, wataifanya bila kulalamika, ingawa hesabu ya lozi itapungua kidogo njiani.

Usiziache kwenye maji ya moto dakika nyingi eti zilainike. Zinakunywa maji, na maji hayo utayalipia baadaye. Zikishamenywa zikaushe. Wengi huruka hatua hii kwa sababu lozi inaonekana kavu kwa nje. Zitandaze juu ya kitambaa safi usiku kucha, au ziingize kwenye oveni ya nyuzijoto 80 kwa nusu saa hivi bila kuziacha zibadilike rangi. Lozi yenye unyevu haisagiki ikawa unga, inakuwa uji, na donge lake huota ukungu mapema. Miezi ya mvua hapa ziwani, Novemba na Aprili hasa, mimi siamini kitambaa; natumia oveni.

Kusaga. Karibu nusu ya uzito wa lozi ni mafuta. Ukiiacha blenda izunguke mfululizo, kisu kinapata moto, mafuta yanatoka, na unajikuta na siagi ya lozi. Siagi ya lozi ni tamu kwenye mkate, lakini haishiki umbo, na kwenye oveni itamwaga mafuta trei nzima. Kwa hiyo saga kwa mafungu madogo, kila fungu na sehemu ya sukari laini ya aisingi, jumla gramu 200. Sukari inanyonya mafuta. Bonyeza, acha, bonyeza, acha. Chekecha, na kinachobaki juu ya chekecheo kirudishe.

Umeme ukikatika? Nimeona mmecheka kabla sijamaliza. Kinu na mchi vinafanya kazi hii, ndivyo ilivyofanyika karne nyingi kabla ya blenda. Wapishi wa zamani walikuwa wakinyunyizia maji ya waridi kidogo kidogo huku wanatwanga. Harufu ilikuwa faida ya pili. Ya kwanza ni kwamba matone yale yanazuia mafuta yasijitenge. Hata ukitumia blenda, ukiona unga unaanza kung'aa na kushikana ukutani, simama, tia tone la maji ya waridi na sukari kidogo, kisha uendelee.

Halafu tia asali vijiko vitatu vya mezani, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na maji ya waridi kijiko kimoja cha chai. Asali ya Tabora inafaa sana. Asali inavuta unyevu, kwa hiyo donge linabaki laini. Kanda kwa mkono mpaka litulie. Ukilifinya likashika alama ya vidole bila kukuachia mafuta, limekuwa. Lifunge vizuri kwa nailoni, lilale kwenye friji, ulitumie kesho yake. Unapata kama nusu kilo. Kwenye friji linakaa wiki tatu bila shida. Kama huna friji, tengeneza la siku mbili tatu tu.

Maelekezo mengi yanataka ute wa yai badala ya asali. Kama donge linaingia motoni, sina neno. Kama litaliwa hivyo hivyo, kwa mfano limefunika keki, sitaki ute mbichi kwenye keki itakayokaa mezani ukumbini kuanzia saa nane mchana mpaka saa nne usiku. Bakteria wa salmonela hawaombi kadi ya mwaliko. Na upande wa pili: asali hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Kwenye shughuli ya ubatizo wa mtoto mchanga, mwambie mama mtu mapema.

Wapo watakaotaka njia ya kupikia shira, ambayo inatoa donge linalodumu zaidi. Nzuri, ila angalieni namba. Mapishi ya Ulaya yanasema shira ifike nyuzijoto 118. Hizo ni namba za watu wa usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na maji ya Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Ukisubiri 118 hapa, maji mengi mno yameshatoka kwenye shira, na donge likipoa linakatika vipande. Epua kwenye 114. Asiye na kipimajoto adondoshe shira kwenye bakuli la maji baridi: ikifinyangika kuwa kidonge laini, tayari.

Kuna jambo litawakuta wote, afadhali niliseme mapema. Mteja ataonja, atasema: "Mbona hainukii lozi?" Amezoea kichupa cha arki, ile harufu ya lozi ya dukani. Ile harufu kali tunayoijua kwenye biskuti na aiskrimu ni ya kemikali iitwayo benzaldehaidi, na asili yake ni lozi chungu, si lozi tamu hizi tunazokula. Lozi chungu zina kemikali iitwayo amigdalini. Zikipondwa zikakutana na maji, inavunjika, inatoa harufu hiyo pamoja na sianidi, ambayo ni sumu. Ndiyo maana haziuzwi kama chakula cha kutafuna, na ndiyo maana nawaonya msijaribu kuponda kokwa za mapichesi ili kupata harufu ya bure. Viwanda vina njia ya kuondoa sumu. Jikoni kwako hakuna.

Kwa huyo mteja, tone moja la arki linatosha kwa donge zima. Tone, si kijiko. Na usome kichupa: arki nyingi huyeyushwa katika pombe, na mteja Mwislamu ana haki ya kujua kabla hajaagiza keki ya Idi. Maji ya waridi na iliki hayana mzozo huo, na kwa ladha yangu mimi ni bora kuliko kichupa. Lakini najua mtaendelea na kichupa.

Tuje kwenye fedha. Karibu asilimia 80 ya lozi zote duniani zinatoka California, Marekani. Mlozi unahitaji majira ya baridi ili uamke na kuchanua, halafu kiangazi kikavu cha kukomazia tunda. Mwanza hatuna baridi hiyo, labda tuiazime. Mikungu yetu ya kivuli ina kokwa zenye ladha inayokaribia, na kila mtoto aliyekulia mjini ameziponda kwa jiwe, lakini kwa kiini chembamba vile utaponda mchana kutwa upate cha kujaza kiganja. Kwa hiyo kila lozi unayotia imevuka bahari, na imelipiwa safari hiyo.

Korosho je? Korosho ni yetu. Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani wanaivuna, na nyingi inasafirishwa ikiwa na ganda lake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Na msidhani kusaga korosho badala ya lozi ni ujanja wa maskini. Wareno waliutoa mkorosho Brazil wakaupeleka Goa, kule India, na huku pwani ya Afrika Mashariki, na Wakristo wa Goa wamezoea kutengeneza marzipani yao kwa korosho; wakati wa Pasaka wanaifinyanga umbo la mayai. Wahindi wana kaju katli, zile pembe pembe nyembamba ambazo wengi wenu mmegaiwa na majirani msimu wa Diwali. Ni korosho na shira, hakuna lozi hata moja, na hakuna anayeziita za bandia.

Kikazi, korosho ina urahisi wake. Haina ganda la kumenya ukiinunua imebanguliwa vizuri. Chukua ile nyeupe, mbichi, hata iliyovunjika, maana unakwenda kuisaga, usilipie uzuri wa punje nzima. Ina wanga zaidi ya lozi, kwa hiyo ikipata moto inashika haraka, na donge lake ni laini zaidi: punguza asali iwe vijiko viwili. Ladha yake ni ya maziwa, ya upole. Inaomba mwenzake. Mimi huipa ganda la juu la machungwa ya Ukerewe, lililokunwa bila kufikia ile nyama nyeupe chungu, na iliki.

Msimamo wangu ni huu, na mtu anaweza kunipinga wakati wa maswali. Kitu ambacho donge limejificha ndani yake, skonzi kwa mfano, tia korosho. Kitu ambacho donge ndicho kitu chenyewe, tia lozi. Nusu kwa nusu inakubalika. Kisichokubalika ni kutia korosho ukaandika lozi. Mteja wa Mwanza anaweza asijue leo. Atajua siku shangazi yake wa Zanzibar akija kumtembelea.

Karanga? Karanga zina sauti kubwa, zinafunika kila kitu. Ukizisaga na sukari umepata kashata laini, na hiyo ni bidhaa nzuri kabisa, iite hivyo hivyo. Ila karanga zinanitia hofu moja: sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo hushambuliwa na kuvu hao hao. Joto la oveni haliiondoi. Chambua kabla ya kusaga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, yenye uchungu, tupa, usimpe hata kuku. Lozi na korosho zilizohifadhiwa vibaya nazo si salama. Muuzaji akikuletea za chini ya gunia, mwachie gunia lake.

Sasa tuoke. Nitataja vitatu.

Cha kwanza ni vibiskuti vya Kiitaliano, amaretti. Donge la lozi gramu 200, sukari gramu 100, ute wa yai moja kubwa. Vuruga mpaka lilainike, fanya vidonge vya gramu 15, utapata kama 22, vigaragaze kwenye sukari ya aisingi. Oveni nyuzi 170, dakika 15 hadi 18, mpaka vipasuke juu na vianze kupata rangi pembeni. Vitoe vikiwa bado laini katikati. Havina unga wa ngano hata chembe, kwa hiyo kuna mteja ambaye tumbo lake halipatani na ngano, leo ananunua juisi tu dukani kwako. Huyu ni wako. Wenye jiko la mkaa na sufuria ya mchanga, punguzeni moto wa chini sana. Sukari hii inaungua chini wakati juu bado kweupe.

Cha pili, skonzi zenye lozi ndani. Unga wa ngano kilo moja kwa namna yako ya kila siku unatoa skonzi 25 hivi. Donge la nusu kilo linaenea zote, gramu 20 kila moja. Kinyunga kikishaumuka mara ya kwanza, kigawe, kibonye kila kimoja, weka kidonge katikati, finya juu, geuza mshono ukae chini. Mkono usiwe na mafuta wakati wa kufinya, la sivyo mshono unafunguka na utajiri wako unamwagika kwenye trei. Ziache ziumuke tena, zichome kwa nyuzi 180 kwa dakika 20 hivi. Hizi ndizo zitakazokulipa. Mtu ananunua moja akidhani ni skonzi ya kawaida ya chai ya saa nne, anafika katikati, anarudi.

Cha tatu nakipitia haraka kwa kuwa kinahitaji somo lake. Donge gramu 200, siagi gramu 100, mayai mawili, unga vijiko viwili: piga pamoja upate krimu ya kuoka, imwage kwenye ganda la tati, ile pai iliyo wazi juu, panga matunda juu. Wafaransa wanaitumia kwenye mkate wao wa Epifania, tarehe 6 Januari. Nanasi la Geita linafaa sana, ila lipike kwanza na sukari kidogo likauke maji, vinginevyo unaoka supu.

Kufunika keki ya harusi kwa donge sitalizungumzia leo. Hilo ni kwa keki ya matunda makavu, mwenye oda ya namna hiyo anione pembeni.

Bei. Sitawapa namba, kwa kuwa bei ya lozi ya leo si ya mwezi ujao. Nawapa hesabu: gharama ya gramu 20 za donge, ongeza kwenye gharama ya skonzi yako ya kawaida, ongeza mkaa au umeme, ongeza saa zako za kumenya na kusaga. Hizo saa wengi hamzihesabu. Zihesabuni. Kama jumla inakutisha, tengeneza ndogo zaidi kabla hujafikiria kutia sukari zaidi.

Na kila kifurushi kiandikwe kilichomo, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: lozi, korosho, karanga, yai, asali, maziwa. Wapo watu ambao karanga kidogo tu inawavimbisha koo. Kama umetumia blenda ileile bila kuiosha, hiyo nayo iandike.

Nimeleta sahani mbili, zipo kwenye meza ile ya pazia la buluu. Ya kulia ni vibiskuti vya lozi, ya kushoto ni vya korosho na chungwa. Nimevunja kanuni yangu makusudi ili mlinganishe. Mwenye mzio wa aina yoyote ya njugu asisogee. Wengine onjeni zote mbili kabla ya maswali, na tafadhali kimoja kimoja, maana nimehesabu viti, sikuhesabu waliosimama mlangoni.